Kutoka Butembo hadi Beni kwa miguu: Kwa nini kanuni za mwendo huzua ubishi katika michezo ya kuigiza

Wasafiri wanne wanaondoka Butembo alfajiri kuelekea Beni kwa miguu. Mmoja ana upanga, wa pili amebeba kitabu cha uchawi, wa tatu ni kibete wa hadithi mwenye shoka, na wa nne ni mwizi aliyeacha wizi, au ndivyo anavyodai mwenyewe. Mbele yao kuna kilomita 54 za barabara. Usiku wa kwanza watalala wapi?

Safari hiyo haipo ila mezani. Ni ya mchezo wa aina ambayo wasomaji wengi wa Kivu Kaskazini wataijua kwa jina la Kifaransa, jeu de rôle. Watu wachache wanakaa pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake aliyeandikwa kwenye karatasi. Mmoja wao, msimamizi, anaeleza wanachokiona na kinachowapata. Wengine wanasema wanafanya nini, na pale ambapo haijulikani kama watafaulu au watashindwa, dadu linarushwa.

Mchezo maarufu kuliko yote wa aina hiyo ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Una mazimwi, mizimu, na uchawi wa kila namna. Hata hivyo, kinachowagombanisha wachezaji mara nyingi si zimwi. Ni jambo ambalo mtoto yeyote wa Butembo angedhani ni rahisi: mtu anatembea umbali gani kwa muda gani.

Ubishi huo una uzito ndani ya mchezo. Kama kundi litafika Beni jioni ya siku ya pili, mfungwa wanayemfuata bado yuko hai. Wakifika asubuhi ya siku ya tatu, hayupo tena. Kanuni ileile, ikisomwa kwa njia mbili, inaleta hadithi mbili tofauti.

Mita 9 kwa sekunde 6

Katika toleo la tano la mchezo huo, lililotoka mwaka 2014 na ambalo ndilo lililosambaa zaidi duniani, binadamu wa kawaida ana mwendo wa futi 30. Tafsiri ya Kifaransa inaandika mita 9. Maana yake ni kwamba katika zamu moja ya mapigano, ambayo ni sekunde 6, mhusika anaweza kusogea mita 9 na bado akapata nafasi ya kupiga upanga au kusoma uganga wake. Akiacha kupigana na kuamua kukimbia tu, umbali huo unakuwa mara mbili, mita 18.

Hapo ndipo kikokotoo kinapotolewa mfukoni. Mita 18 kwa sekunde 6 ni chini kidogo ya kilomita 11 kwa saa. Usain Bolt, alipoweka rekodi ya dunia ya mita 100 mjini Berlin mwaka 2009, alitumia sekunde 9.58, sawa na wastani wa zaidi ya kilomita 37 kwa saa. Kwa hesabu ya kitabu, shujaa anayeua mazimwi anakimbia kama mwanafunzi aliyechelewa kidogo shule na ambaye hana wasiwasi sana.

Wanaoitetea kanuni wanasema namba hiyo haikukusudiwa kupima mbio za uwanjani. Inapima mtu aliyevaa chuma, anayetazama huku na huku, anayekwepa mishale, na ambaye hajui mguu wake unaofuata utakanyaga nini. Ni utetezi mzuri. Lakini ukiukubali, umekubali pia kwamba mita 9 si sifa ya miguu ya mtu. Ni sifa ya mtu katika hali fulani, na hali ikibadilika namba nayo inapaswa kubadilika.

Mkanganyiko huu ni wa zamani kuliko toleo la tano. Mchezo ulizaliwa kutokana na michezo ya vita iliyochezwa kwa wanajeshi wadogo wa risasi juu ya meza, na mwendo wao ulipimwa kwa inchi za rula. Katika vitabu vya mwishoni mwa miaka ya 1970, inchi moja ilihesabiwa kuwa futi 10 ndani ya pango na yadi 10 nje, penye mwanga. Yadi moja ni futi tatu. Kwa hiyo mtu yuleyule, kwa miguu ileile, alikuwa anaongeza kasi mara tatu kila alipotoka mlangoni. Watungaji walikuwa na sababu zao, kwa kuwa pangoni ni giza na watu hupapasa kuta, lakini vizazi vya wachezaji vilicheka sana.

Jedwali lisilolingana na hesabu yake

Kwa safari ndefu, kitabu cha 2014 kinaacha sekunde na kuleta jedwali la mwendo wa aina tatu. Katika vipimo vya Kifaransa, ambavyo huhesabu maili moja kuwa kilomita 1.5, mwendo wa kawaida ni kilomita 4.5 kwa saa na kilomita 36 kwa siku. Wa haraka ni kilomita 6 kwa saa na 45 kwa siku. Wa polepole ni kilomita 3 kwa saa na 27 kwa siku. Siku ya safari inahesabiwa kuwa saa 8 za kutembea.

Msomaji aliye makini ameshaona tatizo. Saa 8 mara kilomita 4.5 ni 36, sawa. Lakini saa 8 mara 6 ni 48, wala si 45. Na saa 8 mara 3 ni 24, wakati jedwali linasema 27. Anayeharakisha ananyimwa kilomita 3, na anayejikokota anaongezewa 3. Kasoro hiyo imo pia katika Kiingereza cha asili, kwa maili, kwa hiyo si kosa la mfasiri.

Weka jedwali hilo juu ya barabara ya Butembo na Beni uone matokeo yake. Wasafiri wetu wakienda kwa mwendo wa kawaida wanahitaji saa 12: watatembea saa 8 siku ya kwanza, watalala njiani, kisha wataingia Beni kabla ya saa sita mchana siku ya pili. Hapa hakuna ubishi.

Wakienda polepole, mambo yanageuka. Kwa kusoma safu ya siku, kilomita 27 mara mbili ni 54 kamili: wanafika Beni jioni ya siku ya pili. Kwa kusoma safu ya saa, siku mbili zinawapa kilomita 48 tu. Giza linawakuta wakiwa wamebakiza kilomita 6, na watalala porini usiku mwingine. Meza nzima inaweza kusimama kwa ajili ya kilomita hizo 6, kila upande ukiwa umeshika kitabu kilekile.

Wakiharakisha, hawafiki kwa siku moja kwa njia yoyote ile, labda wakubali kutembea zaidi ya saa 8. Kitabu kinaruhusu, lakini kwa bei. Mwisho wa kila saa ya ziada kila mmoja anarusha dadu la pande 20 kupima ustahimilivu wake. Kwa saa ya tisa anatakiwa kupata 11 au zaidi, kwa ya kumi 12, na kuendelea hivyo. Mtu wa afya ya wastani ana nusu kwa nusu ya kushindwa katika saa hiyo ya kwanza tu. Akishindwa anapata daraja moja la uchovu. Katika toleo la 2014, daraja la pili linapunguza mwendo kwa nusu, la tano linausimamisha kabisa, na la sita ni kifo.

Msimamizi mwenye busara atachagua kati ya safu mbili za jedwali kabla safari haijaanza, si baada ya giza kuingia. Safu ya saa ndiyo bora, kwa maoni ya wengi waliolichunguza suala hili, kwa sababu saa inaweza kukatwa vipande pale njia inapobadilika. Siku haikatiki hivyo.

Kibete je? Katika vitabu vya 2014 vibete walikuwa na mwendo wa futi 25 badala ya 30, na wachezaji wengi wanadhani kundi zima lazima litembee kwa hatua za kibete. Kitabu cha msimamizi kinasema vinginevyo. Tofauti hiyo ni kubwa wakati wa vita, ila katika safari ya kutwa inapotea: mwepesi anamsubiri mzito, na aliye mzito huwa na pumzi ya kudumu. Yeyote aliyewahi kutembea na wazee kwenda mazishini katika kijiji cha pili anajua kwamba hilo ni kweli. Hata hivyo kitabu hichohicho kinatoa kanuni ya kugawanya mwendo kwa 10 ili kupata maili kwa saa, kwa ajili ya safari za farasi wa kichawi na mambo kama hayo. Kuna wasimamizi wanaoichukua na kumtumia kibete. Toleo la 2024 limemaliza kesi kwa njia fupi: vibete sasa wana futi 30 kama watu wengine.

Tope, mlima na msitu havijumlishwi

Jedwali lina sharti linalosahaulika. Namba zake ni za barabara, tambarare, na njia zilizo wazi. Njia ikiwa ngumu, yaani msitu mnene, kinamasi, mlima mkali, magofu au barafu, mwendo unakatwa nusu.

Barabara ya Butembo na Beni ni barabara, kwa hiyo msomaji wa Wisconsin, alikoishi Gygax, angeweka alama ya njia rahisi na kuendelea. Msomaji wa Kivu anauliza kwanza: mwezi gani? Barabara ya udongo wakati wa kiangazi na barabara hiyohiyo baada ya mvua ya siku tatu ni sehemu mbili tofauti, ingawa kwenye ramani ni mstari mmoja. Watu wa huku wanaeleza umbali kwa saa na kwa hali ya njia, na kilomita zinatajwa mwisho, kama zinatajwa.

Tuseme kati ya kilomita 54, kilomita 15 zimeharibiwa na tope. Kilomita 39 nzuri kwa mwendo wa kawaida ni saa 8 na dakika 40. Zile 15 kwa nusu mwendo ni saa 6 na dakika 40. Jumla ni saa 15 na dakika 20, karibu siku mbili kamili. Hapo ndipo faida ya kuhesabu kwa saa inapoonekana.

Lakini kitabu kina kifungu kingine, nacho ndicho kinachoudhi zaidi. Ugumu haujumlishwi. Sehemu ikiwa na tope, hatua moja inahesabiwa kama mbili. Sehemu ikiwa na tope, na mteremko mkali, na vichaka, hatua moja bado inahesabiwa kama mbili. Kanuni haina namba ya tatu.

Sababu yake inaeleweka. Kwenye meza ya mapigano, ambako kila zamu ni sekunde 6 na wachezaji watano wanasubiri, hakuna anayetaka kugawanya mita 9 kwa tatu, halafu kwa nne. Kanuni iliwekwa ili mchezo usikwame. Kosa ni kuihamisha jinsi ilivyo kutoka kwenye chumba cha mapigano hadi kwenye safari ya siku mbili, ambako hakuna haraka na msimamizi ana muda wa kutosha kufikiri. Kwenye safari, tope na mlima vinajumlishwa. Kinachobaki ni kukubaliana kiasi gani.

Kitabu kinanyamaza pia kuhusu kupanda na kushuka. Butembo iko juu zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Beni iko zaidi ya mita 500 chini yake. Kwa mujibu wa jedwali, kwenda na kurudi ni sawa. Kwa mujibu wa magoti ya mtu yeyote, si sawa.

Haraka na macho

Kuna sehemu moja ambayo watungaji waliipata vizuri. Mwendo wa haraka una adhabu: anayeharakisha anapungukiwa na uangalifu, alama 5 nzima, na anaweza kupita karibu na hatari asiione. Anayekwenda polepole anaweza kujificha anapotembea. Kwa hiyo kuchagua mwendo ni kuchagua kati ya kufika na kuona.

Mtu wa Beni haelezwi jambo hilo. Tangu Oktoba 2014 eneo hilo limeshuhudia mauaji ya raia, mengi yakihusishwa na kundi la ADF, na tangu Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kwenye barabara ya kutoka Beni kwenda Komanda, magari yamesafiri kwa misafara inayosindikizwa na jeshi. Katika msafara wa namna hiyo hakuna anayeuliza gari lake linaweza kukimbia kiasi gani. Lori bovu kuliko yote ndilo linaloamua, pamoja na saa ya kuondoka iliyotangazwa.

Ni vizuri msimamizi akumbuke hilo kabla ya kutandaza ramani ya kweli mezani. Kuna wachezaji watakaofurahi kuona milima yao ndani ya hadithi, na kuna ambao barabara hiyo imewachukulia mtu. Kuuliza kwanza hakugharimu kitu, na majina ya miji yanaweza kubadilishwa bila mlima kupoteza mwinuko wake.

Jambo lingine ambalo jedwali halilijui ni kusimama. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliokuwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287 na ambao Beni na Butembo zilikuwa miongoni mwa vitovu vyake, wasafiri walisimamishwa njiani kunawa mikono na kupimwa joto la mwili. Vizuizi vya aina nyingine vilikuwapo kabla na vipo hadi leo. Kizuizi hakina kilomita hata moja, lakini kinakula saa. Katika mchezo, msimamizi akiweka vizuizi vitatu vya nusu saa kila kimoja, ameondoa karibu kilomita 7 za mwendo wa kawaida bila kugusa kanuni yoyote.

Mzigo wa mgongoni

Pale kitabu kinapozungumzia mizigo, ndipo kinapoonyesha wazi kwamba kiliandikwa mbali na Afrika.

Kanuni ya hiari ya toleo la 2014 inasema hivi: chukua nguvu ya mhusika, ambayo kwa mtu wa kawaida ni 10. Akibeba zaidi ya mara tano ya namba hiyo kwa ratili, yaani takriban kilo 23, anapoteza futi 10 za mwendo. Akizidisha mara kumi, takriban kilo 45, anapoteza futi 20. Anabaki na futi 10, ambazo ukizigawa kwa ile kanuni ya 10 ni maili moja kwa saa, kilomita moja na nusu hivi.

Sasa mweke mama anayetoka shambani pembezoni mwa Butembo na gunia la mihogo la kilo 50, limefungwa kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, kama Wanande wanavyobeba tangu zamani. Kitabu kinasema kilomita 10 zitamchukua zaidi ya saa 6. Anayeamini hivyo ajaribu kumfuata.

Hili si suala la kujisifu tu. Mwaka 1986 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba kwa kamba ya kwenye paji la uso. Watafiti walipima hewa waliyotumia wakitembea. Waligundua kwamba walioizoea kazi hiyo waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanazotumia wakitembea mikono mitupu. Kwa mwanamke wa kilo 60, hizo ni kilo 12 za bure. Kitabu cha mchezo kinajua nguvu za misuli, ila hakina mahali pa kuandika mazoea.

Msimamizi anaweza kulirekebisha hili kwa sentensi moja: mhusika aliyekua akibeba mizigo hapunguziwi mwendo hadi afikie kiwango cha pili. Wachezaji wenye panga watalalamika kwamba mkulima amewazidi. Waache walalamike.

Chukudu nalo ni kesi ya kuvutia. Chombo hicho cha mbao cha magurudumu mawili, ambacho Goma imekijengea sanamu, hakimo katika orodha yoyote ya vyombo vya mchezo. Kuna kanuni kwamba mnyama anayekokota gari anaweza kuvuta mara tano ya uzito anaoweza kubeba. Mtu wa nguvu 10 anabeba hadi ratili 150, karibu kilo 68. Ukimpa magurudumu na kanuni ya mnyama, anafika kilo 340, kiasi ambacho hakimshangazi mtu aliyewahi kuona chukudu lililojaa likishuka kilima. Kanuni inasema mnyama, haisemi mtu. Lakini gurudumu halibagui, na msimamizi anayekataa hapa anajinyima kifaa bora kuliko farasi. Mwendo wake tu ndio mgumu kukadiria: mlimani watu wawili wanasukuma kwa mwendo wa kinyonga, na kwenye mteremko dereva anaomba Mungu na breki zishike.

Jedwali au mwamuzi?

Nyuma ya mabishano haya yote kuna swali ambalo halikuanza na mazimwi. Mwaka 1824 afisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kufundishia maafisa wa jeshi. Kila zamu ilikuwa dakika 2, na majedwali yalieleza kila kikosi kinaweza kusogea umbali gani ndani ya muda huo. Yaliongezeka hadi mchezo ukawa mzigo. Mwaka 1876 afisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, alitaka majedwali yawekwe kando na kazi aachiwe mwamuzi aliyewahi kuwa vitani na kuona jinsi askari wanavyotembea kwenye tope.

Michezo ya leo imerithi pande zote mbili. Ina majedwali, na ina msimamizi mwenye haki ya kuyapuuza. Tatizo la upande wa Verdy ni kwamba unamhitaji mwamuzi anayeijua ardhi. Msimamizi aliyekulia kwenye mji wa lami anakimbilia jedwali kwa sababu hana kingine cha kushika. Aliyekulia kati ya Butembo na Beni ameshika kitu kingine tangu utotoni: anajua tope la siku ya kwanza linateleza na la siku ya tatu linanasa, na kwamba karibu na ikweta jua huzama mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, liwe liwalo. Huyo akisema wasafiri wamechelewa, wachezaji wana sababu ya kumwamini kuliko kitabu.

Haki hiyo ina mpaka wake. Msimamizi anayebadilisha hesabu katikati ya safari kwa sababu hadithi yake inataka wachelewe anaitumia ardhi kama kisingizio, na wachezaji huliona hilo upesi. Aseme mapema njia ikoje, itachukua saa ngapi, wapi inaweza kuwa mbaya. Dadu liamue mvua. Baada ya hapo, wakichagua kukimbia na kupoteza macho, ni uamuzi wao.

Watungaji wenyewe wanaelekea huko. Kitabu cha msimamizi cha 2024 kinapanga mwendo kulingana na aina ya nchi, kwa mfano mlimani na kwenye kinamasi watu hawaruhusiwi kuzidi mwendo wa polepole, na barabara nzuri inapandisha kiwango hicho. Uchovu nao umebadilishwa: kila daraja linaondoa futi 5 za mwendo, badala ya kukata nusu kwa ghafla. Barabara mbovu bado haijapata safu yake.

Kwa anayetaka kujaribu, gharama si kubwa. Tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano, pamoja na jedwali la mwendo lililozungumziwa hapa, zimewekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons. Mtu yeyote anaweza kuzipakua bure, kuzitafsiri, kuzirekebisha, na hata kuuza alichoandika, mradi ataje zilikotoka. Hakuna kinachozuia kundi la wanafunzi kuandika jedwali lao la Kiswahili lenye safu ya tope na safu ya chukudu.

Dadu la pande 20 ni gumu kulipata sokoni, ila hilo nalo lina dawa ya zamani. Mwaka 1979 TSR, kampuni iliyokuwa ikichapisha Dungeons & Dragons, iliishiwa dadu za kutia kwenye masanduku yake, ikaweka vipande vidogo vyenye namba. Wanunuzi waliambiwa wavitie kwenye kikombe na kuchomoa kimoja kimoja. Vipande 20 vya daftari ndani ya kofia vinafanya kazi ileile.